Antoni wa Delft: Muuza Vitambaa Aliyeona Vijidudu

1. Utoto wake

Katika nchi ya Uholanzi, huko Ulaya, kuna mji uitwao Delft. Mji huo una mifereji mingi ya maji. Katika mji huo, tarehe 24 Oktoba 1632, alizaliwa mtoto wa kiume. Jina lake aliitwa Antoni van Leeuwenhoek. Jina hili la mwisho ni gumu kulisoma. Waholanzi hulitamka karibu na Leivenhuk. Sisi tutamwita Antoni.

Baba yake alikuwa fundi wa kusuka vikapu. Mama yake alitoka katika ukoo wa watengeneza bia. Antoni alikuwa hajatimiza miaka sita baba yake alipofariki. Mama yake akaolewa tena, naye Antoni akapelekwa shule ya mbali. Baadaye akaishi kwa mjomba wake.

Antoni alijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini hakwenda Chuo Kikuu, wala hakujifunza Kilatini. Siku hizo Kilatini kilikuwa lugha ya wataalamu wa Ulaya. Waganga, wanasheria na walimu wakubwa waliandika vitabu vyao kwa Kilatini. Mtu asiyekijua hakuhesabiwa kuwa msomi. Antoni alijua lugha moja tu, yaani Kiholanzi, lugha ya mama yake.

2. Kioo cha dukani

Alipotimiza miaka 16, mwaka 1648, Antoni alipelekwa mji wa Amsterdam kujifunza kazi ya kuuza vitambaa. Mwaka 1654 alirudi Delft. Akaoa mke, jina lake Barbara, na akafungua duka lake mwenyewe.

Muuza vitambaa lazima ajue kitambaa kizuri na kitambaa hafifu. Kitambaa chenye nyuzi nyingi zilizokaribiana ni kizuri, nacho hudumu. Kitambaa chenye nyuzi zilizoachana huchakaa upesi. Macho matupu hayawezi kuhesabu nyuzi nyembamba. Kwa hiyo wauza vitambaa walitumia kioo cha kukuzia. Kioo hicho kina uvimbe katikati. Ukikitazamia uzi, unauona mnene kama kamba. Kioo cha namna hii huitwa lenzi.

Maisha ya nyumbani yalikuwa na majonzi. Antoni na Barbara walizaa watoto watano. Wanne walikufa wangali wadogo. Akabaki binti mmoja tu, Maria. Mwaka 1666 Barbara naye akafariki. Siku zile, katika Ulaya yote, watoto wengi walikufa namna hiyo. Waganga hawakujua maradhi mengi yanatoka wapi. Wengine walisema yanaletwa na hewa mbaya, wengine walisema ni nyota za mbinguni.

Mwaka 1660 Antoni alikuwa amepata kazi katika baraza la mji, kazi ya kuutunza ukumbi wa mikutano. Baadaye alioa mara ya pili. Mshahara wake ulimtosha, na jioni alikuwa na nafasi. Nafasi hiyo aliitumia kutengeneza lenzi.

3. Hadubini yake

Chombo cha kutazamia vitu vidogo sana huitwa hadubini. Antoni hakuwa mtu wa kwanza kutengeneza hadubini. Zilikuwako nyingine, ndefu, zenye lenzi mbili au zaidi. Lakini hadubini hizo zilikuza kidogo, na picha yake ilikuwa na ukungu.

Hadubini ya Antoni ilikuwa ndogo, ingeweza kufichwa ndani ya kiganja. Ilikuwa na vibao viwili vyembamba vya chuma, mara nyingi vya shaba. Katikati ya vibao aliweka lenzi moja, ndogo sana, aliyoisugua mwenyewe mpaka ikang'aa. Upande mmoja palikuwa na sindano ya kuchomekea kitu kinachotazamwa. Palikuwa na skrubu za kuisogeza sindano mbele na nyuma, juu na chini. Mtazamaji alikishika chombo karibu kabisa na jicho lake, akaelekea penye mwanga.

Chombo hicho kidogo kilikuza vitu sana. Hadubini yake moja iliyobaki hadi leo hukuza kitu zaidi ya mara 250. Katika maisha yake Antoni alitengeneza lenzi zaidi ya 500. Hakuziuza. Kila alipopata kitu kizuri cha kutazama, alipenda kukiacha juu ya sindano yake, akatengeneza hadubini nyingine.

Alitazama mwiba wa nyuki, ukungu wa chakula na mguu wa chawa. Rafiki yake mmoja, mganga wa Delft aitwaye Reinier de Graaf, aliona kazi hiyo ni kubwa. Mwaka 1673 aliandika barua London, Uingereza, kwa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society. Aliwaarifu kwamba Delft yupo mtu anayetengeneza hadubini bora kuliko zote. Wataalamu wakamwomba Antoni awaandikie anayoyaona. Naye akaandika kwa Kiholanzi. Huko London barua zake zikatafsiriwa.

4. Maji ya ziwa

Karibu na Delft, mwendo wa saa mbili, palikuwa na ziwa dogo. Wakati wa baridi maji yake yalikuwa maangavu. Wakati wa joto yaligeuka rangi, yakawa na mawingu ya kijani. Watu wa hapo walisema kwamba ni umande ndio unaoyachafua.

Mwaka 1674 Antoni alipita ziwani, akachota maji kidogo katika chupa. Siku ya pili yake aliyatazama kwa hadubini. Aliona nyuzi za kijani, nyembamba kama unywele. Hizo zilikuwa mimea midogo ya majini, ya jamii ya mwani. Kati ya nyuzi hizo aliona vitu vinatembea. Vingine vilikuwa mviringo, vingine virefu kama yai. Vilikwenda juu, vikashuka, vikazunguka upesi sana. Antoni akafahamu kwamba vitu hivyo ni viumbe hai.

Kabla ya siku hiyo watu walidhani kwamba mdudu mdogo kuliko wote ni yule utitiri aonekanaye katika jibini au unga. Viumbe wa Antoni walikuwa wadogo kuliko utitiri mara elfu na zaidi. Ulimwengu mzima ulikuwa umefichika ndani ya maji, na hakuna aliyejua.

5. Watu hawakuamini

Mwaka 1676 Antoni alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi. Alifikiri labda ina miiba midogo isiyoonekana. Akailoweka pilipili manga katika maji, akaiacha muda wa wiki tatu. Alipoyatazama maji hakuona miiba. Aliona viumbe wengi mno, na wengine walikuwa wadogo kuliko wote aliowahi kuwaona. Leo tunajua kwamba wale wadogo kabisa ni bakteria.

Antoni aliandika barua ndefu London. Alihesabu kwa makadirio, akasema kwamba katika tone moja la maji wamo viumbe maelfu kwa maelfu. Wataalamu waliposoma barua hiyo walishangaa, na wengi hawakuamini. Nani aliyeandika habari hizi? Ni muuza vitambaa. Amesoma wapi? Hakusoma Chuo Kikuu. Tena mtaalamu mmoja wa London alijaribu kuwatafuta viumbe hao, asiwaone.

Huu ulikuwa wakati mgumu kwa Antoni. Kama wataalamu wangemwita mwongo, barua zake zingetupwa, na habari ya viumbe hao ingepotea. Antoni hakukasirika wala hakunyamaza. Aliwaita watu wanane wenye kuaminiwa, wakiwamo wachungaji wa kanisa. Kila mmoja alitazama kwa macho yake mwenyewe, kisha wakaandika na kutia sahihi kwamba wameona. Antoni akazipeleka hati hizo London.

Hata hivyo Antoni alikuwa na kosa moja. Hakutaka kumwonyesha mtu hadubini zake bora, wala namna anavyozitumia. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kwa wengine kumhakikisha.

Katika chama kile alikuwapo bwana mmoja hodari, Robert Hooke. Hooke alitengeneza vyombo vyake, akaloweka pilipili manga, akatazama. Mara ya kwanza hakufaulu. Akajaribu tena na tena. Mwezi wa Novemba 1677 aliwaona viumbe hao, na wanachama wenzake nao wakaja wakawaona. Antoni alikuwa amesema kweli. Mwaka 1680 wataalamu hao walimchagua kuwa mwenzao. Mwana wa msuka vikapu, asiyejua Kilatini, akawa mwanachama wa chama kikubwa cha elimu.

6. Chembe hai

Huyu Robert Hooke ndiye aliyetangulia kuona jambo jingine kubwa. Mwaka 1665 alikata kipande chembamba cha gome la mti, lile linalotumika kutengeneza vizibo vya chupa. Katika hadubini aliona vijumba vingi, vimepangana kama masega ya nyuki. Akaviita kwa neno lenye maana ya vyumba vidogo. Kwa Kiswahili tunasema chembe hai au seli.

Vijumba alivyoviona Hooke vilikuwa vitupu, kwa sababu gome lile lilikuwa limekufa. Zilibaki kuta tu. Antoni aliona chembe zilizo hai. Mwaka 1674 alitazama damu. Macho matupu huona damu ni maji mekundu tu. Antoni aliona kwamba damu ni maji yasiyo na rangi kali, na ndani yake zinaelea chembe ndogo nyingi za mviringo. Chembe hizo ndizo zinazoipa damu wekundu.

Mwaka 1688 alitazama mkia wa kiluwiluwi wa chura. Ngozi ya mkia huo ni nyembamba, na mwanga hupenya. Aliona mishipa midogo sana, na chembe za damu zikipita ndani yake moja moja. Damu ilitoka katika mshipa unaotoka moyoni, ikapita katika vijishipa hivyo, ikaingia katika mshipa unaorudi moyoni. Mwitalia aitwaye Malpighi alikuwa ameviona vijishipa vya namna hiyo mwaka 1661. Antoni alionyesha waziwazi jinsi damu inavyozunguka.

Miaka mingi baadaye wataalamu wa Ujerumani waliyaunganisha mambo haya. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alieleza kwamba mimea yote imejengwa kwa chembe hai. Mwaka 1839 Theodor Schwann akaeleza kwamba wanyama nao ni vivyo hivyo. Kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, ndivyo mwili ulivyojengwa kwa chembe hai. Mwili wa mtu una chembe hai nyingi mno. Bakteria ana chembe moja tu, na katika chembe hiyo moja anakula, anakua na kuzaa.

7. Miti na mimea ya majini

Antoni alipenda pia kutazama mimea. Alikata miti ya aina nyingi vipande vyembamba sana kwa wembe mkali. Aliona kwamba mti si kitu kigumu kitupu. Ndani yake imo mirija mingi myembamba. Mirija hiyo ndiyo njia ya maji. Mizizi hufyonza maji kutoka ardhini, nayo hupanda katika mirija mpaka kwenye majani. Ndiyo sababu mti ukikatwa mizizi, majani hunyauka.

Chembe za mimea zina ukuta mgumu kuzizunguka. Ukuta huo huufanya mti usimame ingawa hauna mifupa. Chembe za wanyama hazina ukuta huo. Tena chembe za majani zina vipande vidogo vya kijani. Vipande hivyo hupokea mwanga wa jua, na kwa nguvu ya mwanga huo mmea hujitengenezea chakula kwa maji na hewa. Mnyama hawezi kufanya hivyo. Lazima ale mmea, au ale mnyama aliyekula mmea.

Katika mifereji ya Delft kulikuwa na mmea mdogo unaoelea juu ya maji. Majani yake ni madogo kuliko ukucha, na mizizi yake inaning'inia majini. Mwaka 1702 Antoni aliichunguza mizizi hiyo. Alikuta imekuwa makao ya viumbe wengi. Wengine walijishika kwenye mizizi kwa mkia, wakifungua na kufunga midomo ili wapate chakula. Mmoja alikuwa na mikono mirefu myembamba, na watoto wake walichipuka ubavuni mwake kama chipukizi la mti.

Hapo tunajifunza jambo. Kila mmea una mahali unapopenda kukaa. Mwingine hupenda maji, mwingine ukavu, mwingine kivuli. Na palipo na mmea, wapo viumbe wengine wanaoutegemea. Mmea ukiondolewa, na wao hukosa makao.

Mwaka huohuo Antoni alichukua vumbi kavu kutoka katika mfereji wa paa la nyumba yake. Vumbi hilo alikuwa ameliweka miezi kadhaa bila maji. Alipotia maji, baada ya muda mfupi vijidudu vilikunjuka na kuanza kuogelea. Walikuwa wamekauka bila kufa. Basi ndivyo viumbe wadogo wanavyoweza kungoja mvua.

8. Fukusi katika nafaka

Siku hizo watu wengi waliamini kwamba wadudu wengine hawana wazazi. Walisema fukusi huzaliwa na nafaka iliyooza, na viroboto huzaliwa na vumbi au mchanga.

Antoni alitaka kuhakikisha. Aliwachukua fukusi, akawatia pamoja na ngano katika mirija ya kioo, akawachunguza siku baada ya siku. Aliona madume na majike wakipandana. Baadaye alipopasua punje, alikuta ndani yake mabuu madogo meupe. Mabuu hayo hula punje kutoka ndani, kisha hugeuka kuwa fukusi kamili na kutoka nje. Kwa hiyo fukusi huzaliwa na fukusi. Hata kiroboto alimchunguza tangu yai mpaka akawa kiroboto mzima.

Jambo hili lina faida kwa mkulima. Kama nafaka ndiyo inayozaa fukusi, hakuna la kufanya. Lakini kama fukusi huzaliwa na fukusi, ghala likisafishwa vizuri kabla ya mavuno mapya, na nafaka ikikaushwa na kuhifadhiwa pasipoingia wadudu, hasara itapungua.

9. Meno ya watu

Kila siku asubuhi Antoni alisugua meno yake kwa chumvi. Hata hivyo, katikati ya meno yake palibaki utandu mweupe. Mwaka 1683 aliuchukua utandu huo, akauchanganya na maji safi, akautazama. Humo aliona bakteria wengi wakitembea. Kisha alitazama utandu wa mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha meno maisha yake yote. Kwa mzee huyo walikuwa wengi zaidi, wanajaa tele.

Siku nyingine, baada ya kunywa kahawa ya moto, Antoni alitazama tena utandu wa meno yake ya mbele. Safari hii hakuona kiumbe anayetembea. Akafahamu kwamba joto limewaua.

Antoni hakujua kwamba baadhi ya viumbe hao huleta maradhi. Jambo hilo lilihakikishwa karibu miaka 200 baadaye, na wataalamu kama Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani. Mwaka 1882 Koch alionyesha bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1884 akaeleza bakteria wa kipindupindu. Si bakteria wote ni wabaya. Wengi hawatudhuru, na wengine huozesha majani yakawa mbolea. Lakini wale wabaya huua, hasa watoto wadogo. Maji ya kunywa yanaweza kuonekana safi kabisa, kumbe wamo. Maji yakichemka sawasawa, wanakufa.

10. Mwisho wa maisha yake

Sifa za Antoni zilienea. Mwaka 1698 Peter, mfalme mkuu wa Urusi, alifika Delft kwa mashua, akamwita. Antoni alimwonyesha damu ikizunguka katika mkia wa samaki aina ya mkunga. Lakini alipendelea kazi yake kuliko wageni.

Aliendelea kuandika barua kwa miaka 50. Hata alipokuwa mgonjwa kitandani, mwenye miaka 90, alieleza katika barua jinsi ugonjwa wake ulivyomtikisa kifuani. Alifariki tarehe 26 Agosti 1723. Akazikwa katika Kanisa la Zamani la Delft. Binti yake Maria, aliyemtunza mpaka mwisho, alipeleka London hadubini 26 ambazo baba yake aliwaachia wanachama wenzake.

Siri ya ufundi wake aliondoka nayo. Kwa miaka mingi hakutokea mtu wa kutengeneza lenzi moja iliyo bora kama zake, na elimu ya vijidudu ikachelewa. Hadubini zile 26 zilipotea. Lakini barua zake zilihifadhiwa. Mwaka 1981, katika nyumba ya vitabu ya chama kile huko London, mtaalamu mmoja alikuta vipande vya mimea ambavyo Antoni alivikata kwa mkono wake na kuvifunga pamoja na barua. Vilikuwa bado vizima baada ya miaka 300.

Antoni angenyamaza kwa sababu hakujua Kilatini, tusingezijua habari zake. Alitazama kwa makini, akahesabu, akaandika kwa lugha yake. Yale aliyoyaandika ndiyo yaliyobaki.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Wauza vitambaa walitumia kioo cha kukuzia kwa kazi gani?
2. Kwa nini wataalamu wa London hawakumwamini Antoni? Yeye alifanya nini?
3. Chembe hai ni nini? Taja tofauti mbili kati ya chembe za mimea na chembe za wanyama.
4. Mmea usiopata mwanga wa jua hudhurika kwa sababu gani?
5. Fukusi hutoka wapi? Katika kijijini chenu mnahifadhije nafaka?
6. Maji mnayokunywa yanatoka wapi? Maji yanayoonekana safi yanaweza kuwa na hatari gani, nanyi mfanye nini kabla ya kuyanywa?
7. Antoni aliificha siri ya ufundi wake. Je, alifanya vizuri? Toeni sababu zenu.